Miwani ya Dar ilinitoa jasho, mdoli wa Haydom akanitoa machozi

Msomaji wangu, asikuambie mtu, woga ni woga tu hata kama ni wa uongo. Juzi kati washikaji walinivuta kwenye kibanda kimoja cha michezo hapa Dar, nikavalishwa limiwani kubwa jeusi linaloziba macho yote mpaka huoni unapokanyaga. Kufumba na kufumbua nikajikuta juu ya ghorofa refu, nimesimama kwenye kiubao chembamba, chini magari yanatembea kama siafu. Kijana wa kibanda akanambia, "Piga hatua, braza." Hatua gani bwana! Magoti yalinicheza, jasho likanitiririka, nikapiga ukelele ambao mpaka leo naonea aibu. Nilipolivua nikakuta nimesimama juu ya zulia, na watoto wa shule wananicheka mpaka wanakaa chini.

Wataalamu wanaita mambo hayo uhalisia pepe. Kompyuta inakutengenezea dunia yako, ukigeuka nayo inageuka, ukiinama unaona miguu yako ambayo si yako. Akili inajua ni mchezo, lakini mwili hauna habari.

Usiku ule nikampigia simu binamu yangu mmoja, dada aliyenizidi umri, mkunga huko mkoani Manyara, nikamsimulia. Akacheka sana. Halafu akasema neno lililonikata kicheko.

"Mdogo wangu, hiyo unayochezea, wenzetu wanafundishia madaktari. Mtu anavaa, anajiona yuko chumba cha upasuaji, anapasua goti la hewani. Akikosea hakuna anayekufa. Sisi huku tuna mdoli. Ila usimdharau huyo mdoli. Njoo Haydom umwone."

Nikakubali palepale. Na nisikufiche msomaji, sikukubali kwa sababu ya umbeya tu. Mwaka 2008 dada yangu wa tumbo moja alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali moja ya mjini, jina nalihifadhi. Mtoto hakulia. Anachokumbuka dada ni watu kukimbizana, na sauti ya mtu akiuliza barakoa ya watoto imewekwa wapi. Baadaye akaletewa mwanawe amefungwa kwenye kanga, kimya. Mpaka leo nyumbani kwetu hakuna anayejua dakika zile zilikwendaje. Nilitaka nikaone zinavyotakiwa kwenda.

Kupanda ukuta wa Bonde la Ufa

Basi bwana, alfajiri na mapema nikawa stendi ya Magufuli, Mbezi, na kibegi changu. Morogoro hiyo, Dodoma hiyo, halafu gari likashika njia ya Kondoa. Zamani ukitaja njia hii watu walishika kiuno, maana ilikuwa ni mashimo na vumbi tupu. Siku hizi ni lami mpaka Babati, unalala usingizi wa pono. Kijana wa mjini ukipita Kondoa fungua macho: kwenye miamba ya kule Kolo kuna michoro ya watu wa kale ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Wengi wetu tunaijua kwenye kitabu cha historia tu, kisha tunapita tukichati.

Nililala Babati, mji wenye ziwa lake lenye viboko. Usiku nikala samaki, nikaonywa nisijifanye mjanja kutembea ufukweni gizani. Nilitii.

Kesho yake ndiyo safari yenyewe. Kutoka Babati unakwenda Dareda, na pale mbele unauona ukuta wa Bonde la Ufa umesimama kama umezuiwa na mtu. Gari linaanza kuparamia. Huku bonde linazama, huku Mlima Hanang umejitokeza na kofia yake ya mawingu, mita 3,417, na wala haupigiwi kelele kama ndugu yake Kilimanjaro. Dirishani baridi inaingia. Mimi na fulana yangu ya Dar nikaanza kutetemeka. Mzee mmoja wa jirani akanitazama kwa huruma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Koti umemwachia nani?"

Gari zima kicheko. Mzee alikuwa na kiroba cha vitunguu swaumu miguuni, zao ambalo wilaya ya Mbulu inasifika kwalo, na harufu yake ilitusindikiza mpaka Dongobesh na kuendelea. Ukiona nguo zangu zinanuka kachumbari, ujue sababu.

Mji wa lugha za kila aina

Haydom si mji wa maghorofa. Ni mji wa vumbi, maduka, bodaboda, nyama choma na watu wa kila aina. Na ninaposema kila aina, sitanii. Hapa wapo Wairaqw, ambao wengi tunawaita Wambulu, na lugha yao ni ya Kikushi, jamaa ya lugha za Ethiopia na Somalia. Wapo Wadatoga, wafugaji warefu wenye mashuka na fimbo, lugha yao ni ya Kinilo. Sisi tumezoea kuwaita Wamang'ati, lakini jina hilo walipewa na Wamaasai na maana yake ni adui, kwa hiyo ukifika kule tumia jina lao wenyewe. Wapo Wanyiramba na Wanyisanzu, Wabantu kama mimi. Na upande wa Yaeda na Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, wawindaji ambao maneno yao yana milio ya kugonga ulimi, na wataalamu wa lugha mpaka leo hawajawapatia ndugu wa uhakika.

Sasa wote hao, mama akishikwa na uchungu na mambo yakiwa magumu, tumaini lao ni hospitali moja. Hospitali ya Kilutheri Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, wakati huo ni pori hasa. Leo ina vitanda kama 400. Usishangae basi kwamba mkunga wa hapa lazima ajue kusema "sukuma" kwa lugha zaidi ya moja.

Binamu alinipokea kwa chai ya maziwa na sweta. "Vaa kwanza, ufe baadaye," akasema. Jioni, baada ya zamu yake, akanipeleka kwa mdoli.

"Mtoto wako amekufa"

Nilitegemea mtambo, nikaonyeshwa mtoto wa plastiki. Amejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto mchanga kweli, na ukimshika shingo inalegea vilevile. Kutoka kwake kuna vimirija vyenye vipira. Mwalimu akiminya kimoja, kitovu kinapiga mapigo ya moyo. Akiminya kingine, mtoto analia. Asipominya, mtoto yuko kimya. Jina lake la kiwandani ni NeoNatalie, na ana mama yake, MamaNatalie, ambaye mtu mzima anamvaa tumboni kama aproni, anajifanya mzazi, analalamika kwa uchungu, na damu ya bandia inamtoka kweli kweli mpaka mkunga achukue hatua. Huo nao ni uhalisia pepe, msomaji, ila hauhitaji umeme.

Binamu akanieleza somo. Katika kila watoto 10 wanaozaliwa, kama mmoja huhitaji kusaidiwa ndipo aanze kupumua. Wengi kati yao hawahitaji makubwa: wakaushe vizuri, wasugue mgongo, safisha njia ya hewa kama imeziba. Wakigoma, unachukua ambu, ule mfuko wa mpira wenye barakoa, unawatia pumzi. Yote hayo yawe yameanza ndani ya sekunde 60 za kwanza. Wakunga wanaiita dakika ya dhahabu.

"Na sekunde zina bei," akasema. Utafiti uliofanywa hapahapa Haydom na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumtia mtoto pumzi huongeza kwa 16% hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu.

Akaweka saa ya simu. "Haya. Amezaliwa. Halii."

Jamani. Nilimkausha kama ninayefuta meza ya baa. Nikamsugua. Kimya. Nikashika ambu, barakoa ikakaa upande, nikaminya, hewa ikatokea shavuni "fyuuu". Nikaminya tena kwa nguvu, kifua cha mdoli hakikunyanyuka hata kidogo. Kichwa nilikuwa nimekiinamisha mno, njia ya hewa nimeiziba mwenyewe! Jasho lile la juu ya ghorofa la Dar likarudi, na safari hii sikuwa na miwani.

Binamu akasimamisha saa. "Dakika moja na sekunde 52. Pole, mdogo wangu. Mtoto wako amekufa."

Alilisema taratibu kama mwalimu, wala hakutania. Mimi nikamwona dada yangu, na kile kifurushi cha kanga. Nikageukia dirisha nikajifanya naangalia Hanang, kumbe Hanang haionekani kabisa kutoka pale. Binamu anajua habari ya nyumbani kwetu. Akaniacha kidogo, kisha akasema, "Rudia."

Siku moja haitoshi

Hapa ndipo palipo na habari yenyewe, na naomba vijana mnaopenda semina za siku moja na posho yake msikilize vizuri.

Mwezi Aprili 2010 wahudumu wa Haydom walifundishwa kwa mdoli huyu, siku moja nzima, chini ya mpango unaoitwa Helping Babies Breathe, ulioandaliwa na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani na washirika wake. Miezi saba baadaye wakapimwa. Kabla ya mafunzo, waliofaulu kumwokoa mdoli walikuwa 18 katika kila 100. Baada ya mafunzo wakawa 74. Ungekuwa wewe si ungepiga makofi, ukatoa vyeti, ukaondoka?

Lakini watafiti hawakuondoka. Wakaingia leba kuhesabu kinachofanyika kwa watoto wa kweli. Hakuna kilichobadilika! Idadi ya watoto waliotiwa pumzi ilibaki ileile, na kusugua watoto kulipungua hata. Wakunga walikuwa hodari mbele ya mdoli, ila usiku, damu ikitoka, mama anapiga kelele na mtoto amekuja bluu, mikono ilirudi kwenye mazoea ya zamani.

Ndipo mwaka 2011 wakabadilisha mtindo. Mdoli akahamishiwa karibu na kazi yenyewe. Kila wiki, dakika tatu mpaka tano tu, mkunga anapita, anamwokoa mdoli, anaendelea na kazi. Mara moja kwa mwezi zoezi refu la kama dakika 40. Basi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mdoli ni yuleyule na hospitali ni ileile. Kilichoongezeka ni kurudia.

"Mikono inasahau," binamu aliniambia. "Kichwa kinakumbuka mtihani, mikono inasahau. Lazima uikumbushe kama unavyomkumbusha mtoto kunawa."

Bikizee wa mdoli alikuwa binti wa Paris

Wapenda vituko, hiki hapa. Mdoli huyu ametoka Stavanger, Norway, kwenye kampuni ya Laerdal. Mwanzilishi wake, Åsmund Laerdal, alianza mwaka 1940 na biashara ya vitabu na midoli ya kuchezea watoto. Mwanawe mdogo aliwahi kunusurika kuzama majini, baba mtu akamtoa mwenyewe na kumsaidia mpaka akapumua. Baadaye madaktari walipomwomba atengeneze mdoli wa kufundishia kuokoa maisha, hakuhitaji kubembelezwa. Mwaka 1960 akamtoa Anne, mdoli mkubwa wa kike ambaye watu duniani kote wamejifunzia kupuliza pumzi mdomo kwa mdomo.

Na sura ya Anne? Ilitokana na kinyago cha binti asiyejulikana jina, ambaye inasimuliwa kwamba mwili wake uliopolewa katika mto Seine, Paris, mwishoni mwa karne ya 19. Hakuna aliyemwokoa yeye. Lakini uso wake ukaja kuwa ndio uliobusiwa kuliko nyuso zote duniani, na kila aliyeubusu alikuwa anajifunza kuokoa mwingine.

Na miwani je?

Sasa wajanja wa mjini mtaniuliza: kwa nini tusiwavalishe wakunga ile miwani tukamaliza kazi? Imejaribiwa. Wauguzi na wakunga 274 wa Lagos, Nigeria, na Busia, Kenya, mji wa mpakani, walifundishwa kwanza kwa mdoli. Kisha wakagawanywa makundi matatu ya kujikumbusha: wengine kwa miwani ya uhalisia pepe inayotumia simu, wengine kwa video, wengine kwa mwongozo wa kusoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Baada ya miezi sita walipimwa kutumia ambu. Waliofaulu: wa miwani 28 katika kila 100, wa video 25, wa kusoma 22. Tofauti ndogo, si ya kujivunia. Ila ukiangalia nani alisahau zaidi tangu siku ya mafunzo, wa miwani walishuka kwa pointi 15, wa kusoma kwa 27. Kwa hiyo miwani si uganga, na si upuuzi. Inasaidia kichwa kukumbuka hatua gani ifuate ipi. Lakini miwani haikupi ile "fyuuu" ya hewa inayotoroka shavuni. Hiyo mpaka uishike.

Na mdoli naye hakubaki ushamba. Siku hizi yupo anayezungumza na kompyuta kibao: unamtia pumzi, kioo kinakwambia hewa imeingia au umekosea wapi. Kuna pia chombo cha kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni kilichobuniwa kwa kushirikiana na watu wa Haydom, na jina lake ni la kwetu: Moyo.

Vyote hivyo, pamoja na zoezi la mara kwa mara, vikawekwa kwenye kapu moja na kupelekwa kwenye hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kuanzia mwaka 2021 hadi 2023. Wakafuatiliwa akina mama na watoto kama laki tatu. Mwezi Februari 2025 matokeo yakatoka kwenye jarida kubwa la utabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, mwandishi wa kwanza akiwa Mtanzania, Dk. Benjamin Kamala wa Haydom. Vifo vya watoto siku ya kwanza vilipungua kwa kama 40%. Vifo vya akina mama vilipungua kwa kama 75%. Soma tena mstari huo, msomaji, maana kwenye kurasa za mbele za magazeti yetu wiki ile sikumbuki kama ulishindana na picha za harusi za wasanii.

Kifua kikanyanyuka

Nilirudia mara ya pili, mtoto akafa. Ya tatu, akafa. Ya nne nilikiweka kichwa sawa, kimelala kama cha mtu anayenusa upepo, barakoa nikaishika kwa vidole vyote. Nikaminya taratibu. Kifua cha plastiki kikanyanyuka. Nikaminya tena, kikanyanyuka tena. Sekunde 55. Binamu akaminya kipira chake, mdoli akalia.

Najua ni mpira na maji. Lakini nilikaa chini.

Usiku nikampigia dada Dar. Tangu 2008 hatujawahi kuzungumzia jambo lile kwa kirefu. Nikamweleza habari ya mdoli, dakika ya dhahabu, na wakunga wanaofanya zoezi kila wiki kabla ya chai. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ni kitu cha kujifunza?"

"Ni cha kujifunza, dada. Na kurudia."

"Basi na kule kwetu warudie," akasema. Halafu akanipigia hesabu ya binti yake ambaye mwakani anaomba chuo cha uuguzi.

Kwa wanaotaka kufika: beba sweta, tafadhali, usinitie aibu mara mbili. Lala Babati, panda asubuhi ili uuone ukuta wa Bonde la Ufa kwa mwanga. Wadatoga na Wahadzabe si sanamu za kupigia selfi, omba ruhusa kwanza. Nyama choma ya Haydom haina maringo na haina foleni. Leba ya watu usiombe kuingia, mimi mwenyewe sikuingia wala sikuthubutu kuomba. Lakini kama una dada, shemeji au mke anayekwenda kliniki karibu nawe, uliza swali hili kwa adabu: hapa wakunga hujifunza kwa mdoli? Mara ya mwisho ilikuwa lini?

Wakijibu "wiki iliyopita", nenda kalale. Wakijibu "kulikuwa na semina, mwaka gani sijui", hapo sasa ndugu yangu, usinyamaze.

Kwa leo tuishie hapa, tukijaliwa wiki ijayo. Alamsiki!